Jinsi Hewa Alivyoanza Kudai Hodi

Enzi hizo vitu vyote vilianguka kwa mwendo mmoja. Ukidondosha jiwe la kusagia na unyoya wa kuku kutoka juu ya paa, vilifika chini pamoja, tup, kama mapacha walioitwa na mama yao. Jani lilitoka mtini na kutua kabla hujamaliza kusema "tazama". Hakuna kilichopepea. Neno lenyewe halikuwapo. Ungelitamka, watu wangekuuliza ni lugha ya wapi. Ndege walikuwa na mabawa, ndiyo, lakini walikwenda kwa miguu, wakiyabeba mabawa yao kama mtu aliyekwisha vaa nguo za harusi ndipo akaambiwa harusi imeahirishwa.

Mvua ndiyo iliyokuwa balaa. Tone lilipotoka mawinguni halikukutana na chochote cha kulipunguza mwendo, likafika ardhini na hasira zote za safari. Lilitoboa vibuyu. Lilipasua migomba. Mawingu yakianza kujikusanya, watu wa mlimani walikimbilia mapangoni pamoja na mbuzi wao, na aliyechelewa alijifunika chungu kichwani, akafika amevaa shingo ya chungu tu.

Kwa hiyo hakuna aliyelima kwa mvua. Walilima kiangazi, kwa maji ya mfereji yaliyoteremka kutoka msituni na kukusanywa katika ndiva, bwawa la mawe na udongo lililokuwa chini ya mwamba mrefu. Aliyepewa kuifungua ndiva kwanza alimwagilia mpaka akachoka. Wa pili alipata kilichobaki. Wa mwisho alipata tope na vyura.

Namkunda alikuwa wa mwisho kwa misimu saba mfululizo.

Huyu Namkunda alikuwa mwanamke kijana mwenye vitu vitatu: shamba dogo la magimbi, mama asiye na jino hata moja, na mdomo ambao wazee waliujadili vikaoni kana kwamba ni mnyama aliyetoroka zizini. Mama alikula magimbi ya kuchemsha na si kitu kingine, maana ndiyo pekee yaliyokubali kutafunwa na ufizi. Na msimu ule wa saba, mashina yaliyokuwa hai shambani yalikuwa yamebaki kumi na manne. Namkunda aliyahesabu kila asubuhi, kama mtu anayehesabu watoto wake gizani.

Sasa, namna ya kuamua nani afungue ndiva kwanza ilikuwa hivi. Kila mwenye shamba alichuma jani moja zima la gimbi kutoka shambani kwake, lisilopunguzwa wala kuongezwa. Wote walipanda mwambani, wakasimama ukingoni, na kwa mbiu ya mzee Mbonea, aliyekuwa mwamuzi, wakayaachia majani yao pamoja. Kanuni zilikuwa mbili. Ya kwanza: jani lililotua kwanza ndilo lenye haki. Ya pili: yakitua pamoja, haki ni ya jani kubwa.

Mmeona wenyewe hila ilipo. Katika nchi ambayo kila kitu huanguka sawa, kanuni ya kwanza haikuwahi kufanya kazi hata siku moja. Ilikaa pale kama pambo. Iliyotawala ilikuwa ya pili, na jani kubwa kuliko yote lilikuwa la mzee Senkondo, lenye masikio kama ya tembo, pana kiasi cha kumlaza mtoto mchanga. Kwa nini lilikuwa kubwa hivyo? Kwa sababu lilinyweshwa kwanza.

Namkunda hakuweza kulimeza jambo hili. Alilipeleka kikaoni, akasimama katikati ya wazee, mkono mmoja kiunoni.

"Mwenye maji ana jani kubwa," alisema. "Mwenye jani kubwa anapewa maji. Naomba mzee mmoja tu anionyeshe, mimi naingilia wapi?"

"Utaingia ukiwa na jani kubwa," akajibu Mbonea.

"Na jani kubwa nitalipata wapi?"

"Kwa kumwagilia, binti yangu."

"Kwa maji yapi?"

Mbonea alifikiri. Alifikiri sana, akaikuna shingo. "Ya ndiva," akasema, na kikao kizima kikapiga makofi kwa uzito wa jibu hilo.

Senkondo, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha miguu mitatu huku kitambi kikiwa mapajani kama mgeni, alimtazama Namkunda kwa huruma ya mtu aliyeshiba. "Mwanangu, hasira hukausha mashina," akasema. "Tulia. Udondoshaji ni kesho, jua la utosi. Lete jani lako, hata likiwa kama ulimi wa mbuzi. Tutalipokea."

Wakacheka. Namkunda akaondoka.

Kesho yake alfajiri alipanda mwambani peke yake, maana kule nyumbani angemwamsha mama kwa kusonya. Alisimama ukingoni akalaani kwa mpangilio: kwanza kanuni ya pili, kisha kanuni ya kwanza, kisha kitambi cha Senkondo, kisha makofi. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza na shingo ya Mbonea pale sauti ilipotokea mbele yake, mahali pasipo na kitu.

"Kelele za nini asubuhi yote hii?"

Ilikuwa sauti ya mzee sana. Namkunda hakuona mtu, lakini malezi ni malezi. "Shikamoo," akasema.

Ile sauti ikajibu, ikitetemeka kidogo: "Marahaba. Marahaba, mwanangu. Unajua wewe ni wa kwanza?"

"Wa kwanza wa nini?"

"Kunisalimia. Mimi ni Hewa."

Naye Hewa, kama mtu aliyekaa miaka mingi bila wa kuzungumza naye, akafunguka moja kwa moja. Alisema kwamba ameujaza ulimwengu tangu kwenye magugu mpaka kupita mawinguni. Alisema ana ukoo: shangazi, wajomba, binamu, vitukuu, wote wamebanana hapo hapo mbele ya pua ya Namkunda, wengi kuliko punje za maghala yote ya mlimani. Na kila kitu kinachoanguka hupita katikati yao kama kinapita mahame. Jiwe, puu! Unyoya, puu! Hata pole hakuna.

"Na ninyi mnafanya nini?" akauliza Namkunda.

"Tunapisha."

"Mnapisha!" Ile hasira ya jana ilipata mahali papya pa kukaa. "Mtu anaingia kwako bila hodi, anawakanyaga shangazi zako, anatokea upande wa pili, nawe unampisha?"

"Tumezoea. Kazi yetu ni kuvutwa puani na kutolewa. Hatupendi ugomvi."

"Basi nisikilize, babu." Namkunda akakunja mikono ya nguo yake. "Leo kuna kesi. Inaanzia ukingoni hapa na kuishia chini pale. Kati ya hapa na pale kuna nini? Wewe. Kesi yote inasikilizwa ndani ya tumbo lako, nawe unasema huna habari nayo? Misimu saba mama yangu anakula nusu gimbi, na majani yale yote yamepita mlangoni kwako bila kubisha. Ungeyasimamisha hata mara moja ukayauliza, 'Ninyi ni wa nani na mnakwenda wapi?', leo tungekuwa na hukumu ya kweli."

Hewa alijigeuza. Magugu yalilala kidogo upande mmoja, yakainuka.

"Unataka nimzuie Senkondo," akasema.

"Ndiyo."

"Nikuachie wewe upite."

"Ndiyo."

"Hapana. Nikifanya hivyo nitakuwa Mbonea asiye na shingo." Lakini Namkunda alipokuwa akivuta pumzi ajibu, Hewa aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imenyooka. "Ila hodi nitaidai. Umesema kweli, tumepisha vya kutosha. Kuanzia sasa hivi, kila uso unaopita kwetu utamsalimia kila ndugu aliyesimama mbele yake, ndipo upishwe. Uso mpana, salamu nyingi. Na mwenye kukimbia ajue kwamba kadiri anavyokimbia ndivyo atakavyopita milango mingi kwa pumzi moja, na salamu zitamrundikia mpaka ashindwe kuongeza mwendo."

"Hata jani langu?"

"Hata jani lako. Hata la mama yako."

Namkunda alishuka mlima akiwa na uchungu wa aina ya pekee. Alikuwa ameshinda hoja yote, na kesi alikuwa hajaishinda. Jani lake litachelewa, la Senkondo litachelewa, na mwisho wa yote yeye atakuwa na jani kama ulimi wa mbuzi.

Alipokaribia nyumbani alisikia ukelele wa mama.

"Namkunda! Njoo! Pumba zimenikimbia!"

Lazima niwaeleze kuhusu pumba. Siku zile, kutenga ulezi na pumba zake kulikuwa kazi ya vidole. Uliurusha ulezi kwenye ungo, punje na pumba zikapanda pamoja, zikarudi pamoja, nawe ukaketi kutwa nzima unachagua kimoja kimoja mpaka macho yakaingia ndani. Wanawake walizaliwa wakichagua, wakazeeka wakichagua. Wanaume waliita kazi hiyo mapumziko.

Mama alikuwa amesimama uani, ungo wa ulezi wa jirani, aliouchagua kwa ujira, mikononi, kinywa wazi, ufizi wote nje. "Nimerusha kama kawaida," akasema. "Ulezi umerudi. Pumba zimekataa."

"Rusha tena, mama."

Mama akarusha. Na Namkunda akaona. Punje zilishuka moja kwa moja, nzito na ndogo, kama watu wanaosema "nawahi, tutaonana" huku wamekwisha pita. Lakini pumba, nyepesi na zilizojiachia, zilisimama hewani zikigeuka kulia na kushoto, kulia na kushoto, kama bibi harusi anayepitishwa kwa wakwe. Zilikuwa zinasalimia. Kisha zikapelekwa taratibu mpaka kwenye ua wa jirani, na huko nako kukasikika ukelele.

Namkunda hakushangilia. Alikuwa anawaza. Je, punje zimewahi kwa sababu ni nzito tu, au kwa sababu hazina uso? Alikimbilia shambani, akachuma majani mawili ya shina moja, makubwa sawa. Moja aliliacha limefunguka. Jingine alilikunja, akalikunja tena, akalifinyanga kwenye ngumi mpaka likawa donge. Akapanda juu ya kinu na kuyaachia yote mawili.

Donge lilikuwa miguuni mwa mama. Jani lilikuwa bado usawa wa magoti ya Namkunda, likiulizia hali za watoto.

"Mama," alisema polepole, "jani ni lile lile. Uzito ni ule ule. Kilichopungua ni uso."

Kufikia jua kali, kila mwenye ungo mlimani alikuwa amejua kwamba dunia imebadilika. Waliitana juu ya nyua, walirusha na kurusha, walicheka mpaka wakakaa chini. Wazee hawakujua lolote. Walisikia vifijo, wakaambiana kwamba wanawake wamepata umbeya mpya, wakaendelea kumpangusa Senkondo vumbi kwenye jani lake.

Jua lilipofika utosini, wenye mashamba walikuwa ukingoni na wanawake wengi walikuwa chini, wameizunguka ndiva. Wengi walikuja na nyungo zao, jambo ambalo hakuna mzee aliyelitilia maanani. Wengine walikuwa wameziba vinywa kwa khanga. Nakijwa, mke wa Senkondo, alikuwa amesimama mbele kabisa, amefunga mikono kifuani, uso mkavu kama kuni.

Wenye mashamba wengine walikwisha kata tamaa misimu mingi nyuma, wakaweka majani yao chini. Wakabaki wawili. Senkondo aliinua jani lake kwa mikono miwili, kikao kikaguna kwa heshima. Mbonea akamgeukia Namkunda.

"Jani lako liko wapi?"

Namkunda akafungua kiganja.

"Hilo ni nini?"

"Jani la gimbi."

"Hilo ni donge."

"Ni jani lililokunjwa. Desturi inasema jani liwe zima, lisipunguzwe wala lisiongezwe. Nimepunguza nini, mzee wangu? Nimeongeza nini? Kama kuna kanuni inayosema jani lifunguliwe, isomwe hapa tuisikie sote."

Mbonea alianza kujikuna shingo. Na huenda angekataa. Huenda angeitafuta kanuni ya tatu hapo hapo na kuipata, maana walikuwa hodari wa kuzipata. Lakini Senkondo alikuwa anacheka mpaka jani linatikisika.

"Mwacheni! Jamani, mwacheni mtoto! Yakitua pamoja, haki ni ya kubwa. Na yeye la kwake amelifanya kama kinyesi cha mbuzi kwa mikono yake mwenyewe. Niseme nini zaidi? Piga mbiu, Mbonea, nina shamba la kumwagilia."

Mbiu ikapigwa. Wakaachia.

Donge la Namkunda lilishuka na salamu moja tu, fupi, ya mdomo uliofumbwa, na chini kukasikika: tubwi!

Ukingoni, wazee waliendelea kutazama chini kwa utulivu wa watu wanaosubiri jambo wanalolijua.

"Yametua?" akapaza sauti Mbonea.

"La Namkunda limetua!" wakajibu wanawake.

"Na la Senkondo?"

"Tazameni mbele yenu! Liko huko huko kwenu!"

Na kweli. Jani la Senkondo lilikuwa halijashuka hata kimo cha mbuzi. Lilikuwa hapo, usawa wa magoti ya mwenyewe, limejitandaza na masikio yake yote, likiinama kwa huyu, likiinama kwa yule. Namkunda peke yake ndiye aliyelisikia. *Hodi. Karibu. Habari za hapa? Njema. Na mama mkubwa, ameamkaje? Na huyu ni nani, ni yule wa kwanza au wa pili? Kakua!*

"Shuka!" akasema Senkondo.

Jani likaenda kushoto.

"Nakuambia shuka! Mimi ndiye niliyekunywesha!"

Likaenda kulia, bila haraka. Senkondo akavua shuka lake la begani, akalishika kwa mikono miwili na kuanza kulipungia jani kwa nguvu zote, akidhani analisukuma chini. Lakini ukiupungia ukoo wa watu namna hiyo, wanadhani unawaita. Hewa na ndugu zake wakaja wote kwa pamoja, wakapita chini ya jani, wakalibeba juu, likampita Senkondo puani, likawapita wazee waliolirukia, likavuka kilele kwa adabu zote. Lilitua jioni kwenye kijiji cha upande wa pili, katika zizi la mbuzi, na mbuzi wakalila kabla halijatoa ushahidi.

Chini ya mwamba hakukuwa na mwanamke aliyesimama wima. Walikuwa wameangukiana, nyungo zinavingirika. Senkondo aliinama ukingoni, kijasho kinamtoka, akamwona mke wake.

"Nakijwa! Ulijua?"

"Nilikuambia asubuhi," Nakijwa akajibu, na sauti yake ikapanda mwamba vizuri sana. "Nilikuja na ungo mkononi nikasema, 'Mume wangu, pumba zinaruka.' Ukasema mambo ya ungo nisikuletee."

Mbonea aliwatazama wazee, wazee wakatazama miguu yao. Kwa mara ya kwanza tangu itungwe, kanuni ya kwanza ilikuwa imefanya kazi, na hapakuwa na mtu aliyejua inaishia vipi. Namkunda hakungoja wajifunze. Alishuka mlima mbio, akaondoa gogo la ndiva kwa mikono yake, na maji yakaingia mfereji wake yakiwa masafi, ya mwanzo, bila chura hata mmoja. Mama alikuwa amekaa shambani kati ya yale mashina kumi na manne. Maji yalipomfikia hakuondoka. Alinyoosha miguu yakampita vidoleni.

Msimu uliofuata kila mtu alikuja mwambani na donge. Senkondo alikuja na donge alilolifinyanga usiku na mchana. Yakaachiwa, yakatua yote pamoja, na Mbonea akashuka kutafuta lililo kubwa. Aliyageuza, akayapima kwa jicho, akayanusa. Madonge yalikuwa madonge. Alipanda tena mlima amechoka, akasema basi, kila mtu atapata siku yake, mmoja baada ya mwingine, na hivyo ndivyo zamu ilivyoanza mlimani. Wazee wanasema ilikuwa busara ya Mbonea. Waacheni waseme.

Na tangu siku hiyo Hewa hajasahau kudai hodi. Ndiyo maana jani likitoka mtini huenda huku na huku kabla ya kutua: ni pana, na nyumba ni nyingi. Ndiyo maana jiwe huwahi, na ukilirusha kwa nguvu utasikia *vuuu* likipita. Hao ni shangazi zake Hewa wakilisema kwa kukosa adabu. Tone la mvua nalo huanza safari kwa mbio, lakini salamu hulirundikia mpaka mwendo wake ukakoma kuongezeka, likatufikia limepoa, nasi tunatoka nje bila chungu kichwani. Na kunguru wa kwanza kujikwaa mwambani alifungua mabawa kwa woga, akashikwa mkono kila upande, na hajataka kutembea kwa miguu tena ila akilazimika.

Bado wapo watu wanaoapa kwamba kizito huwahi kwa sababu ya uzito wake peke yake, na hawataki kusikia habari za uso. Ukikutana na mmoja wao, hata akiwa mzee wa kikao, hata akiwa na kiti cha miguu mitatu, usibishane naye. Mpe majani mawili sawa, moja alikunje. Akibisha bado, mpe ungo.